Miiba Aliyoiacha Matonya

Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipoingia Ugogo, Matonya alikuwa kijana wa kuchunga, ndevu ndiyo kwanza zinaanza kumchungulia kidevuni. Tembe ya baba yake, nyumba ya udongo yenye paa bapa, ilikuwa kusini kidogo ya Zuzu, kwenye mbuga pana iliyolala baina ya vilima viwili vya mawe. Mbuga ile ilikuwa wazi kabisa. Mgeni akitokeza upande wa pili na mzigo wake kichwani, wanawake wa upande huu walimwona, wakabandika maji ya ugali, na ugali ukaiva kabla hajafika mlangoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini pale palikuwa wazi. Ndivyo walivyopakuta.

Ng'ombe walianza kutokwa na machozi. Kisha wakaharisha, kisha wakalala, na aliyelala hakuinuka tena. Porini nako nyati walikufa, pofu wakafa, twiga wakaanguka na shingo zao ndefu zikabaki zimetupwa njiani kama miti iliyong'olewa. Tai walishiba hata wakashindwa kuruka, wakawa wanatembea chini kama kuku. Ndovu walikuwa wamekwisha zamani, pembe zao zilishuka pwani na misafara. Kwa hiyo mvua za mwaka ule zilipokuja, nyasi ziliota na hapakuwa na mdomo wa kuzipokea.

Njaa ilimchukua baba yake Matonya, na watu wa mbuga ile wakatawanyika. Yeye alishika njia ya mashariki hadi Mpwapwa, akapata kazi ya kubeba mawe kwa wamisionari. Huko alimwoa Raheli, binti wa Kigogo aliyebatizwa pale misheni, msichana wa maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Raheli alikuwa na kaka yake, Kefa, mtu wa kifua kipana na kicheko kikubwa, fundi wa shoka. Matonya na Kefa walipendana kama waliozaliwa tumbo moja.

Wangekaa Mpwapwa maisha yao yote, lakini Mpwapwa ilikuwa juu ya njia kuu, na Wadachi, yaani Wajerumani, walitaka wapagazi kila siku. Askari waliingia vijijini na kamba. Matonya alikamatwa mara moja, akabebeshwa sanduku la shaba hadi Tabora, akarudi bega moja limeshuka na moyo umebadilika. Aliwaona wenzake wakiachwa kando ya njia wangali wanapumua. Tangu hapo, akisikia tarumbeta ya askari tu, alitafuta mahali pa kujificha.

"Turudi kwetu," alimwambia Raheli. "Kule nyuma ya vilima hapapiti mtu."

Wakarudi watatu, na Kefa mbele akiimba.

Walipofika juu ya kilima cha kwanza, Kefa aliacha kuimba. Chini yao mbuga ilikuwa imejaa nyasi kutoka kilima hadi kilima, nyasi ndefu kuliko mtu, zikiinama na kuinuka kwa upepo. Matonya alicheka kwa furaha. Hakuwa amepata kuona malisho kama yale. Siku akipata ng'ombe, alisema, watanenepa hata washindwe kutembea.

Raheli alisimama akisikiliza. "Mbona kimya hivi?" akauliza.

Ilikuwa kweli. Hakukuwa na yangeyange wala ndege wa kudonoa kupe. Chini, pale ambapo zamani mbawakawa walikuwa wakiviringisha mavi ya ng'ombe mchana kutwa, hapakuwa na mavi wala mbawakawa. Na katikati ya nyasi, ukizitenga kwa mkono, viliota vichipukizi vya migunga, vyembamba, vya magotini, kila kimoja na miiba yake tayari.

Vichipukizi vile havikuwa vigeni. Migunga ilikuwa ikiota mbugani tangu zamani, ila ilikuwa haifiki mbali. Mbuzi na swala waliitafuna ingali laini. Iliyobaki iliunguzwa wakati wa kiangazi, watu wa kila tembe walipotoka pamoja, wengine na vijinga vya moto na wengine na matawi mabichi ya kuuzuia usiingie makaoni. Sasa katika mbuga nzima tembe zilikuwa tatu tu, moja ya Matonya na mbili za wazee waliorudi kufia kwao. Nani angewasha moto mkubwa namna ile, na nani angeuzima?

Wakajenga. Wakalima uwele na mtama. Raheli akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Dorkasi. Migunga ilifika kiunoni, ikafika kifuani.

Siku moja mpiga mbiu wa jumbe akapita na amri ya serikali, kwamba ni marufuku kuchoma nyika. Atakayeonekana na moto atachapwa kiboko na kupelekwa kazi za njia. Akaisoma amri yake kwa sauti ya mtu aliyechoka, akaomba maji, akaenda zake.

Kefa alikuja jioni ile na shoka begani. "Shemeji," alisema, "kama moto umekatazwa, basi tukate. Tuanze na ile njia ya visimani. Miiba imebanana mpaka mtu unapita ubavuubavu."

"Iache," Matonya alijibu.

"Niiache?"

"Kefa, hujaona? Miiba ile ndiyo ukuta wetu. Askari akisimama kule barabarani, haoni tembe, haoni moshi. Ukimfungulia njia, umemkaribisha."

Kefa alimtazama, kisha akamgeukia dada yake aliyekuwa akipepeta uwele. Mkono wa Raheli ulisimama kidogo juu ya ungo.

"Mwenye nyumba ni wewe," Kefa akasema, akashusha shoka.

Na miezi michache baadaye Matonya alijiona ana haki. Walikuwa shambani waliposikia tarumbeta, kisha miguu mingi, kisha sauti ya mtu akitukana kwa Kiswahili cha pwani. Walilala chini, Raheli amemziba Dorkasi mdomo. Msafara ulipita ng'ambo ya kichaka, karibu kiasi cha kusikia wapagazi wakikohoa, ukaenda moja kwa moja. Hawakuonekana. Matonya aliinuka akajipangusa vumbi akitabasamu.

"Umeona?" akamwambia Kefa. "Umeona sasa?"

Tangu siku hiyo akawa analinda migunga kama mtu anavyolinda mazao. Akimwona mbuzi wao anatafuna vichipukizi karibu na njia, alimfukuza.

Migunga ikapita vichwa vya watu. Ikashikana juu, tawi kwa tawi, na chini yake kukawa na kivuli. Ndipo nguruwe pori wakaja. Zamani mbuga haikuwa na mahali pa kuwaficha mchana, sasa ilikuwa nyumba yao. Walitoka jioni kwa kundi, wakalala chali katika mtama, wakatafuna na kuvunja, na watu walipokuja na mikuki walirudi ndani ya miiba ambako mkuki haurushiki. Mwaka ule walivuna nusu ya walicholima. Mwaka uliofuata wazee wa tembe ya pili wakafungasha wakaondoka bila kuaga.

Lakini Matonya alikuwa na ndoto yake. Kila kiangazi alikwenda Bahi kukwangua chumvi, na chumvi ile aliiweka akingoja mtu mmoja, Hassani, Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara aliyekuwa akiteremsha ng'ombe kutoka kaskazini. Hatimaye Hassani akafika, kofia yake nyeupe imekuwa nyekundu kwa vumbi. Ng'ombe wake, hata hivyo, alikuwa amewaacha mbali, upande wa kule wa kilima, na watu wake.

"Mbukwa, Bwana Matonya," alisalimu kwa Kigogo, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Nimekuja mwenyewe kwanza nipatazame. Nilipita hapa zamani. Hapakuwa hivi."

"Pamenawiri," Matonya akasema.

Hassani alijipiga kofi shingoni. Alikuwa amempata mdudu. Akamshika kwa vidole viwili, akamwonyesha. Alikuwa nzi wa rangi ya kahawia, mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, mbawa zake zimelaliana mgongoni moja juu ya moja.

"Mbung'o," Hassani alisema. "Huyu nilimwacha mbali sana huko magharibi. Anakaa kivulini, na anakula damu ya nguruwe. Ndugu yangu, siwezi kukuuzia ng'ombe uwaweke hapa. Ni kuwazika wangali hai."

Matonya alihisi damu ikimpanda. Miaka yote ile ya kukwangua chumvi kwenye jua, mgongo umekauka, na sasa mtu huyu anasimama uani kwake anamwonyesha nzi. Alidhani anaongezewa bei.

"Chumvi yangu ni safi," alisema. "Kama hutaki kuuza, sema hutaki."

Wakabishana hadi ugali na mlenda vikapoa. Mwishowe Hassani akakubali, kwa shingo upande. Akachukua chumvi, akaleta mitamba na dume mmoja mwekundu. Alipokuwa akiondoka alimvuta Raheli kando, akamwambia kwa upole, "Mama, wachungeni juu kwenye mawe, penye jua. Chini wasishuke." Kisha akaenda zake haraka, kama mtu anayetoka nyumba yenye mgonjwa.

Juu kwenye mawe hakukuwa na majani ya kutosha, wala maji. Ng'ombe walishuka. Kwa majuma ya kwanza walinawiri, na Matonya alisikia harufu ya maziwa ndani ya nyumba yake kwa mara ya kwanza tangu utoto. Alimpakata Dorkasi akamnywesha kwa kibuyu. Kisha manyoya ya dume yakasimama. Macho yakatoka machozi. Walikula, tena walikula sana, lakini mbavu zilizidi kuonekana, na wakaanza kulamba udongo. Dume alianguka wa kwanza. Mitamba wakafuata mmoja baada ya mwingine, hadi zizi likawa tupu kabla mvua hazijarudi.

Matonya alikaa pembeni ya zizi. Kefa alikaa naye. Kisha Kefa akasema, taratibu, bila lawama, "Shemeji, sasa tukate?"

"Tutakata," Matonya alisema. "Mvua zikipita."

Hakusema kwa nini mvua zipite. Pengine hata yeye hakujua. Hofu ya kamba na tarumbeta ilikuwa bado imekaa mahali fulani ndani yake, nayo ilikuwa na nguvu kuliko hasara.

Katika mvua zile walianza kuona nyayo. Zilikuwa juu ya mchanga wa korongo la visima, pana, kucha hazionekani. Simba walikuwepo siku zote katika nchi ile, lakini walikuwa simba wa mbugani, wa kufuata pundamilia na nyati, na walimkwepa mtu. Sasa nyati hakuna, na swala wa uwandani walikuwa wamehama mahali ambapo hawaoni mbele. Aliyebaki wa kuliwa alikuwa nguruwe, mgumu kukamatwa ndani ya miiba. Na mwingine aliyebaki alipita peke yake, polepole, katika njia nyembamba, na kibuyu begani.

Raheli aliacha kumruhusu Dorkasi kutoka nje. "Baba Dorkasi," alisema asubuhi moja, "simba yule hapiti tu. Nyayo zimekwenda zikarudi palepale. Anatusoma."

Siku iliyomchukua Kefa ilikuwa siku ya jua kali, adhuhuri kabisa, saa ambayo mtu hafikirii mnyama. Alikuwa akirudi kutoka kisimani, Matonya nyuma yake kwa umbali wa kuitana. Njia ilikuwa imebana mpaka miiba ilishika nguo pande zote mbili. Kefa alikuwa akisimulia jambo kwa sauti, juu ya mmisionari mmoja wa Mpwapwa aliyeogopa mbuzi, na Matonya alikuwa akicheka. Halafu hadithi ikakatika katikati ya neno.

Matonya hakusikia ngurumo. Alisikia matawi yakivunjika, kishindo, na mara moja jina lake likiitwa. Alikimbia, miiba ikamkamata, akajinasua, ikamkamata tena. Alipofika, njia ilikuwa tupu. Kibuyu kilikuwa chini, maji yakiingia mchangani, na upande wa kushoto kichaka kilikuwa na uwazi mdogo wa chini, kama mlango wa banda la kuku, ambao mtu hawezi kupita ila kwa kutambaa. Alitambaa. Alitambaa na mkuki hadi mkuki ukanasa, akaendelea bila mkuki. Hakufika popote. Ndani kulikuwa na giza la kijani na mbung'o, na kwa mbali kitu kilikuwa kinaburutwa bila haraka.

Walichopata kesho yake, yeye na mzee wa tembe ya tatu, kilitosha kuzikwa katika kikapu.

Raheli hakulia mbele ya Matonya. Baada ya mazishi alimuuliza jambo moja tu. "Njia ile, alitaka kuikata lini?"

"Mwaka ule wa mbiu," Matonya akasema.

"Na tena?"

"Na tena siku ng'ombe walipokwisha."

Raheli akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Kiangazi kilipokolea, Matonya alitoka na kijinga cha moto mchana kweupe. Hakujali tena amri, wala kiboko, wala nani atauona moshi. Alitaka mbuga yote iungue kama zamani, kilima hadi kilima, na simba ndani yake. Alishika upande wa upepo, akatia moto penye nyasi za pembezoni. Ulishika kwa mlio mkubwa, ukapanda juu, ukakimbia. Raheli alisimama juu ya paa la tembe, Dorkasi kando yake, akitazama.

Moto ulifika kwenye kichaka, ukafa.

Matonya aliwasha mahali pengine. Ukakimbia tena, ukagusa ukingo wa migunga, ukaunguza majani machache ya chini, ukazimika ukitoa moshi mweupe. Aliingia ndani na kijinga, akachochea chini ya miti. Ndipo akaona. Chini ya migunga hapakuwa na nyasi. Kivuli kilikuwa kimeziua zote. Palikuwa na udongo mtupu, mweusi, na miiba iliyoanguka, na moto haukuwa na cha kula. Zile nyasi ndefu zilizomchekesha siku aliyorudi, zile ambazo zingeubeba moto hadi upande wa pili, zilikuwa zimekwisha miaka mingi huku yeye akiufurahia ukuta wake.

Ulichokula moto ni kile kilichokuwa bado wazi, yaani malisho ya mbuzi, mabua ya shamba na ua wa mzee jirani. Jioni ilipofika, pande zote palikuwa na majivu, na katikati kichaka kimesimama kizima, kijani kibichi.

Raheli alishuka kutoka juu ya paa. Alikuwa amekwisha kufunga mizigo.

"Mimi nakwenda Mkonze," alisema. "Kule tembe zimekaribiana, watu wengi, mbuzi wengi, mti hauoti ukamaliza mwezi. Askari wapo, najua. Waje wakuchukue. Wakikuchukua huenda ukarudi."

Wakaenda usiku huo huo? La. Raheli hakukubali kupita njia ile bila jua. Walingoja mchana, wakapita juu ya majivu, mbuzi wawili mbele, wala hakuna aliyegeuka nyuma.

Mkonze walipewa mahali ukingoni mwa kijiji. Raheli akazoeleka upesi, akaingia katika kundi la wanawake waliokwenda kila asubuhi kukata miiba ya ukingoni kwa ajili ya kuni na maboma. Matonya hakuzoeleka. Aling'oa vichipukizi kwa mikono mitupu, njiani, katika mashamba ya watu, hata penye makaburi, viganja vikitoka damu, mpaka watoto wakampa jina la kumtania. Usiku walilala ubavu kwa ubavu, na jina la Kefa halikutajwa baina yao.

Reli ilipokaribia kutoka mashariki, Wadachi walitafuta watu wa kufyeka njia. Vijana wa Mkonze walikimbilia milimani. Matonya alikwenda mwenyewe, bega lake likiwa limeshuka vilevile, akajiandikisha mbele ya askari waliodhani amechanganyikiwa. Walimpa shoka na panga. Akafyeka kuelekea magharibi, kambi hadi kambi, akifanya kazi ya watu wawili. Mara mbili tatu simba walichukua watu kambini, na waliobaki waliwasha mioto mikubwa na kulala wamekaa.

Walipofika pande za Zuzu aliitambua mbuga kwa vilima tu. Msimamizi alikuwa amesimika vigingi pande zote mbili za njia, na mtu alifyeka hadi kwenye kigingi. Matonya alifika kwenye kigingi chake akakipita. Alikata mgunga, akakata mwingine, akaingia ndani, jasho likimchuruzika machoni. Kwa mbali kidogo, katikati ya matawi, aliona kitu kilichonyooka, pembe ya ukuta wa udongo. Paa la tembe lilikuwa limeingia ndani, na mgunga mnene ulikuwa umesimama mle walimokuwa wakilala.

"Wewe! Rudi kwenye mstari!" msimamizi alipiga kelele. "Huko hakuna reli!"

Alirudi. Kiboko kilimpata mgongoni, hakukisikia. Nyuma ya kigingi miiba ilibaki ilivyokuwa, na reli ikapita pembeni yake, nyembamba kama uzi.

Kazi ilipokwisha kwa upande ule walimruhusu kurudi Mkonze. Alimkuta Raheli uani anapepeta. Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Dorkasi, sasa msichana mrefu, akamletea maji.

"Mmefika wapi?" Raheli akauliza bila kuinua macho.

"Tumepita Zuzu."

"Na kwetu?"

Matonya alishika kibuyu cha maji kwa mikono miwili. "Kwetu kumebaki mle mle ndani," alisema. "Nilitaka kupafikia, wakanirudisha."

Raheli aliendelea kupepeta, makapi yakiruka na upepo. "Na simba," akasema, "umewasikia?"

"Nimewasikia. Wamezaa."

Akauweka ungo chini. Alimtazama mumewe, mgongo wake wenye makovu mapya, viganja vyake vilivyochanika, akamtazama kwa muda mrefu kuliko alivyopata kumtazama tangu siku ya mazishi. Kisha akaingia ndani, akatoka na mafuta ya samli katika kigae, akakaa nyuma yake, akaanza kumpaka.

"Kefa angetaka tuhame kutoka huku ukingoni," alisema. "Tusogee katikati ya kijiji."

"Tutasogea," Matonya akajibu. "Kesho."

"Siyo kesho," Raheli akasema. "Leo, jua lingalipo."

Wakaita majirani wawili wasaidie mizigo.